Kaunti ya Apache na Nukta ya Majimbo Manne

Wakati wa kiangazi, Window Rock ikiwa saa nne asubuhi, St. Johns bado ni saa tatu. Miji hii miwili iko katika jimbo moja la Marekani, Arizona, na katika kaunti moja, Apache. Katikati yake hakuna mpaka wa jimbo wala wa kaunti. Ila Arizona, isipokuwa sehemu yake ya Wanavajo, ambao ni Wazawa wa Marekani, haijasogeza saa mbele wakati wa kiangazi, kama majimbo mengi yanavyofanya, tangu 1968. Window Rock ni makao makuu ya Taifa la Navajo, ambalo ardhi yake imeenea katika majimbo matatu, na viongozi wake waliona ni heri nchi yao yote ifuate saa moja. Kwa hiyo kuanzia Machi hadi Novemba, mkazi wa kaskazini mwenye shughuli katika ofisi za kaunti kusini huwa anaingia katika saa nyingine bila kutoka katika kaunti yake.

Nimeanza na saa kwa sababu ndiyo njia fupi ya kuonyesha ugumu wa kaunti hii. Watu wengi huifahamu, kama wanaifahamu, kwa kona yake ya kaskazini mashariki: mahali ambapo Arizona, Utah, Colorado na New Mexico hukutana katika nukta moja. Hakuna pengine Marekani ambapo majimbo manne yanagusana hivyo. Watalii hufika, hupiga foleni, huweka mguu huku na mkono kule, hupigwa picha na kuondoka. Wanachokosa kuambiwa ni kwamba mistari ile minne ni sehemu tu ya habari, na pengine si sehemu iliyo na uzito zaidi katika maisha ya watu wanaoishi hapo.

Kwanza kaunti yenyewe. Ina eneo la takriban kilomita za mraba 29,000, yaani ni kubwa kuliko Rwanda, na kubwa kidogo kuliko Burundi. Lakini sensa ya 2020 ilihesabu watu 66,021 tu. Ni kaunti ndefu na nyembamba, imeshuka kandokando ya mpaka wa New Mexico kuanzia kwenye nukta ile hadi milima ya White Mountains. Ilikatwa kutoka Kaunti ya Yavapai mwaka 1879, na wakati huo ilikuwa pana zaidi. Mwaka 1895 nusu yake ya magharibi ilitengwa ikawa Kaunti ya Navajo, ndipo Apache ikabaki na umbo la utepe. Makao makuu yake, St. Johns, yako upande wa kusini. Kutoka hapo hadi kwenye nukta ni zaidi ya kilomita 270 kwa mstari ulionyooka, na barabara hazinyooki hivyo.

Kusini kuna misitu ya misonobari, mifugo, na Mlima Baldy wenye mita karibu 3,476, ambao Waapache, kabila jingine la Wazawa, huuheshimu kama mahali patakatifu na ambao miteremko yake hutoa chemchemi za mto Little Colorado. Kuna pia vituo viwili vikubwa vya umeme vilivyojengwa kutumia makaa ya mawe, kimoja karibu na St. Johns na kingine karibu na Springerville. Ukipanda kaskazini, misitu inaisha, na nchi inakuwa ya mawe mekundu na nyasi chache: Ganado, Chinle, Lukachukai, Teec Nos Pos. Hapa ndipo penye Canyon de Chelly, bonde lenye kuta za mwamba ambamo familia za Wanavajo bado zinalima mahindi na kuchunga kondoo. Serikali kuu ililitangaza kuwa hifadhi ya kitaifa mwaka 1931, lakini ardhi yenyewe ni ya Wanavajo.

Msomaji wa Kenya asichanganyikiwe na neno kaunti. Kaunti za Kenya zimewekwa na Katiba ya 2010, na gavana wake anachaguliwa na ana bajeti inayotoka moja kwa moja katika mgawo wa taifa. Kaunti ya Marekani ni mtoto wa jimbo. Jimbo ndilo linaloiunda, na jimbo laweza kuigawa, kama ilivyofanyika hapa 1895, Arizona ikiwa bado eneo linalosubiri kuwa jimbo. Kazi zake ni za ngazi ya chini: kuandikisha hati za ardhi, kuendesha uchaguzi, kutengeneza barabara, kumlipa sherifu, kukusanya kodi ya majengo na ardhi. Msomaji wa Tanzania akiifikiria kama wilaya hatakuwa mbali sana, ila ni wilaya inayochagua viongozi wake yenyewe.

Sasa nukta. Ilipatikanaje?

Haikuanza na mlima wala mto. Ilianza na sheria tatu zilizopitishwa Washington na watu ambao wengi wao hawakuwahi kuiona nchi hiyo. Mwaka 1850, baada ya vita na Mexico, Bunge la Marekani liliunda maeneo mawili, Utah na New Mexico, na likaamua kwamba upande huu yatenganishwe na latitudo ya 37 Kaskazini. Huo ndio mstari wa kulala. Mwaka 1861 likaunda eneo la Colorado na kuamua kwamba ukingo wake wa magharibi uwe longitudo ya 32 magharibi ya Washington. Zingatia hilo: magharibi ya Washington, si ya Greenwich. Wamarekani wa wakati ule walihesabu digrii kuanzia katika mji mkuu wao, na jambo hilo dogo lilikuja kuzua kelele miaka karibu 150 baadaye. Huo ndio mstari wa kusimama, upande wa kaskazini.

Sheria ya tatu ilisainiwa na Abraham Lincoln tarehe 24 Februari 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto. Majimbo ya kusini yaliyojitenga yalikuwa yameshajitangazia eneo lao la Arizona, kwa kuikata New Mexico katika nusu mbili, ya kaskazini na ya kusini. Bunge la Washington nalo likaunda Arizona yake, lakini likaikata kwa mstari wa kusimama. Mstari huo ulipaswa kuanza pale pembe ya kusini magharibi ya Colorado inapogusa New Mexico, kisha uteremke moja kwa moja hadi Mexico. Kwa maneno hayo, nukta ikazaliwa katika karatasi. Arizona haikuchaguliwa mahali pa kuanzia kwa sababu ya chochote kilichokuwapo pale. Ilianzia hapo kwa sababu tayari kulikuwa na pembe kwenye ramani, na kuifuata kulirahisisha maandishi.

Mwaka huohuo, jeshi la Marekani lilikuwa likiwaandama Wanavajo, au Diné kama wanavyojiita wenyewe. Kikosi cha Kit Carson kilichoma mashamba na kuangamiza mifugo, na Januari 1864 kikaingia Canyon de Chelly. Watu zaidi ya 8,000 walifungiwa Bosque Redondo, mashariki ya New Mexico, baada ya kutembezwa mamia ya kilomita kwa miguu, na wengi walikufa njiani na kambini. Safari ile inaitwa Long Walk kwa Kiingereza. Wanavajo wanapaita mahali penyewe Hwéeldi. Nasema haya si kwa kupamba. Sheria ya kuchora mstari na amri ya kuondoa watu zilitoka kwa serikali moja, katika majira yaleyale, kuhusu ardhi ileile, na ni moja tu iliyoandikwa kwenye vibao vya watalii kwa herufi kubwa.

Kisha likatokea jambo ambalo halikuwa la kawaida katika historia ya Wazawa wa Marekani: Wanavajo walirudi kwao. Mkataba wa tarehe 1 Juni 1868 uliwarudishia sehemu ya nchi yao. Na mpaka wake wa kaskazini ulikuwa upi? Latitudo ya 37, mstari uleule wa 1850. Kwa hiyo mstari wa majimbo ukawa pia, kwa muda, mstari wa taifa. Baadaye ardhi ya Wanavajo iliongezwa mara nyingi, ikavuka hadi Utah mwaka 1884, na leo ina takriban kilomita za mraba 71,000 katika Arizona, New Mexico na Utah.

Mstari wa karatasi ni kitu kimoja, wa ardhini ni kingine. Mwaka huohuo wa 1868, mpima ardhi Ehud Darling alitumwa kuupima mpaka wa Colorado na New Mexico. Wapimaji wa zama zile walikuwa na darubini za kutazamia nyota, dira na minyororo ya kupimia, na kila mnyororo ulikuwa na urefu wa mita 20 hivi. Walikuwa wakivuka korongo na miamba wakihesabu minyororo, wakiweka rundo la mawe hapa na nguzo pale. Mwaka 1875 Chandler Robbins akaja kupima mpaka wa Arizona na New Mexico, akasimika nguzo ya jiwe la mchanga pale alipoona pembe ya majimbo inapaswa kuwa. Rollin Reeves alianzia hapo 1878 kupima mpaka wa Utah na Colorado kuelekea kaskazini.

Jiwe la Robbins halikudumu. Wapimaji Hubert Page na James Lentz walilikuta mwaka 1899 limevunjika na kuvurugwa, wakaweka jingine palepale. Hilo nalo likavunjika, na mwaka 1931 Everett Kimmell wa ofisi ya ardhi ya serikali kuu akaweka kisahani cha shaba juu ya zege. Uwanja uliopo sasa, wenye itale na kisahani kipya, ulijengwa 1992 na kutengenezwa upya 2010. Ukisimama juu ya kisahani ukitazama kaskazini, Utah iko mbele yako kushoto, Colorado mbele kulia, New Mexico nyuma kulia na Arizona nyuma kushoto. Kaunti nazo zinagusana papo hapo: Apache ya Arizona, Montezuma ya Colorado, na San Juan mbili, moja ya Utah na nyingine ya New Mexico.

Mwaka 2009 vyombo vya habari vya Marekani vilitangaza kwamba kisahani hicho kimewekwa mahali pasipo pake, kwa kosa la karibu kilomita nne. Habari ikaenea upesi, kama habari za namna hiyo zinavyoenea. Haikuwa kweli. Waliopiga hesabu walidhani kwamba mpaka ulikusudiwa kuwa digrii 109 kamili magharibi ya Greenwich. Lakini sheria ya 1861 ilitaja digrii 32 magharibi ya Washington, na hiyo, kwa kuhesabu kutoka Greenwich, ni digrii 109 na dakika tatu hivi. Dakika tatu za longitudo pale ni zaidi ya kilomita nne. Kosa lilikuwa la waliokosoa.

National Geodetic Survey, idara ya serikali kuu inayoshughulikia vipimo vya aina hiyo, ilitoa maelezo: kwa vyombo vya kisasa, jiwe la Robbins lilisimikwa futi 1,807 mashariki ya pale sheria ilipolenga, yaani mita kama 550. Mimi naona hiyo ni kazi ya kuheshimika kwa mtu aliyepima nyika kwa nyota na minyororo. Na jambo la pili walilosema ndilo kubwa zaidi: hata mita hizo 550 hazina maana kisheria. Nukta iko pale jiwe liliposimikwa.

Yeyote aliyewahi kugombania shamba na jirani ataielewa kanuni hii. Bikoni zikishasimikwa, pande zote zikaishi nazo miaka na miaka, hakimu hatazing'oa kwa sababu mpimaji mpya amekuja na chombo kizuri zaidi. Marekani kanuni hiyo ilijaribiwa kwa kweli. Mwanzoni mwa karne ya 20 Howard Carpenter alipima upya mpaka wa Colorado na New Mexico na kuona kwamba mstari wa Darling unayumba. Bunge likataka mstari mpya ukubaliwe. Mwaka 1908 Rais Theodore Roosevelt akaupinga kwa kura ya turufu. New Mexico ikaenda Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1925 mahakama ikaamua kwamba mstari wa 1868, pamoja na kasoro zake, ndio mpaka, kwa kuwa serikali na wananchi walikuwa wameutambua na kuutumia kwa zaidi ya nusu karne.

Kwa hiyo mpaka hausimami kwa usahihi wa hesabu. Unasimama kwa kukubaliwa. Na hapo ndipo swali linalonigusa zaidi linapozuka: kukubaliwa na nani? Waliokubali walikuwa serikali za majimbo, wapimaji, na wenye mashamba waliopewa hati. Wanavajo na Wayute hawakuulizwa. Hata hivyo, ndio wanaomiliki mahali pale leo. Pembe tatu za nukta, za Arizona, Utah na New Mexico, ni ardhi ya Taifa la Navajo. Ya nne, upande wa Colorado, ni ya kabila la Ute Mountain Ute. Pale pana majimbo manne na mataifa mawili ya Wazawa. Kiingilio hulipwa kwa idara ya hifadhi ya Taifa la Navajo. Mabanda yaliyouzunguka uwanja ni ya mafundi Wazawa: mikufu ya fedha na feruzi, vyungu, michoro ya mchanga, na mkate wa unga wa ngano unaokaangwa ndani ya mafuta, chakula ambacho Wanavajo wanakihusisha na migao ya unga na mafuta waliyopewa enzi za Hwéeldi.

Basi ni nani anatawala upande wa Arizona wa nukta? Jibu la mkato ni kwamba inategemea wewe ni nani na umefanya nini. Kesi mbili zinasaidia kulielewa jambo hili, na ya kwanza ilitokea humu humu kauntini.

Huko Ganado kulikuwa na duka la mfanyabiashara mzungu, Hugh Lee, mwenye leseni ya serikali kuu. Alimkopesha bidhaa Paul Williams, Mnavajo, pamoja na mkewe Lorena. Deni halikulipwa, Lee akawashtaki katika mahakama ya jimbo la Arizona, akashinda. Wenye deni wakakata rufaa hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na Januari 1959 majaji wote wakakubaliana kwamba mahakama ya Arizona haikuwa na mamlaka. Lee si Mzawa, ni kweli, lakini alikuwa ndani ya ardhi ya Wanavajo, na biashara ilifanyikia huko. Alipaswa kwenda mahakama ya Wanavajo. Kuruhusu vinginevyo kungewanyang'anya haki ya kutunga sheria zao na kuongozwa nazo. Deni la dukani likawa msingi wa sheria ya Wazawa nchi nzima.

Ya pili ilihusu dola 16 na senti 20. Hicho ndicho kiasi ambacho Arizona ilikata kama kodi ya mapato ya 1967 kutoka katika mshahara wa Rosalind McClanahan, Mnavajo aliyeishi na kufanya kazi ndani ya ardhi ya Wanavajo iliyoko Arizona. Alitaka arudishiwe. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu ilimpa haki: jimbo haliwezi kumtoza Mnavajo kodi ya mapato aliyoyachuma ndani ya eneo lake.

Katika makosa ya jinai mgawanyo ni wa namna yake. Mzawa akimkosea Mzawa mwenzake, kosa dogo huenda mahakama ya Wanavajo. Mauaji na makosa mengine makubwa huweza kushughulikiwa na serikali kuu kwa sheria ya 1885. Asiye Mzawa akimkosea asiye Mzawa, hata kama ni katikati ya Chinle, hilo ni la jimbo, na sherifu wa kaunti ataitwa. Afisa anayesimamisha gari usiku barabarani hulazimika kujua kwanza dereva ni nani ndipo ajue anaweza kumfanya nini.

Tatizo la kaunti likaja kuwa hili. Ardhi ya Wanavajo iko chini ya amana ya serikali kuu, kaunti haiwezi kuitoza kodi. Kodi ya ardhi ilitoka zaidi kusini. Wakazi walio wengi wako kaskazini. Wenye kulipa kodi ile wakaona si haki walio wengi wawaamulie. Wazawa wa Arizona walipata haki ya kupiga kura kwa uamuzi wa mahakama mwaka 1948, lakini jimbo liliendelea kuwatahini kusoma Kiingereza hadi mitihani hiyo ilipopigwa marufuku nchi nzima 1970. Mnavajo aliyezaliwa katika lugha yake na kunyimwa shule hakuweza kujiandikisha.

Mara tu kizuizi hicho kilipoondoka, mwaka 1972, Tom Shirley, Mnavajo, alichaguliwa kuingia katika bodi ya wasimamizi wa kaunti, yenye viti vitatu. Akawekewa pingamizi: ati mkazi wa eneo la Wazawa, asiyelipa kodi ya ardhi na asiyefikiwa na hati za mahakama ya jimbo, hawezi kushika wadhifa. Ilibidi Mahakama ya Juu ya Arizona iamue mwaka 1973 kwamba ushindi wake ni halali.

Lakini kiti kimoja kati ya vitatu hakikuwa kitu. Mipaka ya wilaya za uchaguzi ilichorwa hivi: wilaya moja ilikuwa na watu 1,700, ya pili 3,900, na ya tatu 26,700, ambao wengi mno walikuwa Wanavajo. Kila wilaya ilichagua msimamizi mmoja. Kura ya mtu wa wilaya ndogo ilikuwa na uzito wa karibu mara 16 ya kura ya mtu wa kaskazini. Kesi ya Goodluck dhidi ya Kaunti ya Apache ilipofika mahakamani, kaunti ilijitetea kwa hoja ambayo hadi leo inashangaza kuisoma: kwamba sheria ya 1924 iliyowapa Wazawa wote uraia wa Marekani haikuwa halali kikatiba. Mahakama ya shirikisho iliikataa mwaka 1975, ikaagiza wilaya zichorwe upya kwa idadi ya watu, na mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya Marekani ikauthibitisha uamuzi huo.

Tangu hapo, kaunti ina wajibu wa kisheria wa kuwasaidia wapiga kura kwa Kinavajo. Lugha hiyo kwa wazee wengi ni ya kusemwa kuliko ya kuandikwa, kwa hiyo maelezo ya kura hutangazwa redioni, na wakalimani hukaa vituoni kuwasomea na kuwafafanulia. Na kwa kuwa nyumba nyingi za kaskazini hazina jina la mtaa wala namba, fomu ya Arizona ya kujiandikisha kupiga kura ina nafasi ya kuchora ramani. Mwombaji huchora barabara kuu, njia ya vumbi, labda kisima au mwamba unaofahamika, kisha anaweka alama pale anapoishi, ili kaunti ijue yuko wilaya ipi.